Ofisi ya wakili wa mirathi Malindi: kazi wanaijua, bili ndo mtihani

Watu wamenijia sana inboksi kuuliza kuhusu hii ofisi tuliyotumia kwa mirathi ya ami yangu, basi naandika hapa mara moja kila mtu asome. Jina siliweki manake nina malalamiko na sitaki vita na watu ambao kazi yao ni kuandika barua za kutishia. Ni ofisi ndogo ya ghorofani mjini Malindi, wakili ni mwanamke, ana karani mmoja mtu mzima anayejua kila kitu, na kuna msichana wa mapokezi. Nawapa nyota tatu kati ya tano, na zile mbili wamezipoteza kwenye pesa na kwenye simu.

Ami alikufa bila wasia. Hakuandika hata karatasi moja, na alikuwa mtu wa kuandika madeni ya watu mpaka ya sukari nusu kilo. Mtaani maneno yakaanza siku ya tatu tu ya matanga, mara mali itachukuliwa na serikali, mara mtoto wa kwanza wa kiume ndo anashika kila kitu. Yote uongo. Mwislamu akifa hapa Kenya mali yake inagawanywa kwa sheria ya Kiislamu, hiyo Sheria ya Urithi ya serikali yenyewe, Sura ya 160, inasema haihusu ugawaji wa mali ya Mwislamu, na Katiba ya 2010 kifungu cha 170 inampa Kadhi mamlaka ya ndoa, talaka na mirathi bora wahusika wote wawe Waislamu na wakubali kwenda kwake. Ukitaka Mahakama Kuu milango iko wazi pia, na hapo ndo nilipoanza kumtilia shaka wakili, manake mara ya kwanza alituelekeza huko huko Mahakama Kuu na nikaona ile fii ilivyopanda nikaelewa kwa nini. Mke wa ami akakataa, akasema mimi nataka kwa Kadhi, hatuna ugomvi na mtu. Sawa, wakakubali, lakini uso wa msichana wa mapokezi ulibadilika kidogo.

Sasa karani. Huyu mzee peke yake ana nyota tano. Swali lake la kwanza halikuwa mali iko wapi, alimuangalia mke wa ami akamwambia, "Pole sana mamangu. Marehemu, mamake yuko hai?" Sisi tukashangaa, bibi yuko hai ndio, yuko nyumbani Shela ya hapa hapa Malindi, lakini tulikuja kuzungumza mambo ya mke na watoto. Akachukua kalenda ya mwaka jana akaigeuza nyuma akaanza kuchora ukoo kwa kalamu, mke mmoja, watoto wa kiume wawili, wa kike watatu, mama mzazi, baba alishatangulia. Akauliza kama kuna mke mwengine popote, hata Mambrui, hata Lamu. Akauliza kama kuna mtoto wa nje ya ndoa, na akasema hili halikwepeki tena tangu Mahakama ya Juu iamue mwaka 2025 kuhusu watoto wa aina hiyo ambao baba yao ni Mwislamu, bora liulizwe ofisini kuliko litokee kortini mbele ya watu. Mke wa ami akasema hakuna, kwa sauti ya mtu ambaye ameshafanya uchunguzi wake.

Halafu madeni. Kabla ya mtu yeyote kupata hata shilingi inatoka gharama ya mazishi, yanatoka madeni, na kama kuna wasia unatoka usiozidi thuluthi, ndo warithi wanaanza kuhesabiwa. Ami alikuwa na deni la saruji na mabati, hilo tulilijua. Ambalo hatukulijua ni mahari. Karani alimuuliza mke wa ami polepole, "Mahari yako mamangu, ulilipwa yote?" Kumbe ilibaki nusu miaka yote hiyo na kila mmoja alishasahau isipokuwa mwenyewe. Hilo ni deni kama deni la hardware, linatangulia mirathi, na analipwa juu ya fungu lake. Wakili wa kujifanya asingeuliza, na mama wa watu angedhulumiwa bila mtu kukusudia.

Baada ya madeni makadirio ya mali yalifika kama milioni 8.4. Karani akapiga hesabu mbele yetu na kikokotoo chake cha vifungo vikubwa. Mke kwa sababu kuna watoto anapata thumuni, yaani moja ya nane, 1,050,000. Mama mzazi anapata sudusi, yaani moja ya sita, 1,400,000. Inayobaki ni 5,950,000 ya watoto, wa kiume mafungu mawili wa kike fungu moja, jumla mafungu saba, fungu moja ni 850,000, basi kila mvulana 1,700,000 na kila msichana 850,000. Ukimya uliopita pale wallahi, manake mke aliyeishi na mtu na kumuuguza amepata pungufu ya mama mkwe. Halafu mke wa ami akaniangalia mimi. Nilijua anawaza nini, bibi akifa hilo fungu linakwenda kwa wanawe, na baba yangu ni mmoja wao. Na karani akaongeza petroli, akasema bibi akifariki kabla hamjagawa fungu lake halipotei, linakuwa mirathi juu ya mirathi, ndo mana nyumba nyingi huku kwetu na kule Lamu zina warithi arobaini na hakuna anayeweza kuiuza wala kuitengeneza paa.

Ami mwengine yuko Lamu, alishuka kwenye basi na begi kubwa akidhani ana lake. Karani alimwambia kwa adabu kwamba ndugu hapati kitu akiwepo mtoto wa kiume. Alikunywa chai akarudi.

Kwenye mali walituokoa pia jambo moja. Nyumba ya Shela ina hati, haina neno. Lakini duka la ami limesimama kwenye ardhi ya mtu, zile nyumba bila ardhi za huku Pwani, unajenga wewe na kila mwezi unamlipa mwenye ardhi. Wale mabinamu zangu walishaliweka kwenye orodha kama ploti. Karani akalikata kwa kalamu nyekundu akaandika ni jengo tu, kinachorithiwa ni kuta na bati na biashara, ardhi ni ya mwenyewe. Kama tungelipeleka vile kwa Kadhi mwenye ardhi angekuja juu na sisi tungeonekana wezi.

Sasa jambo lililotuuma. Ami alikuwa na mtoto wa kiume wa tatu, alikufa baharini kabla yake, akaacha mtoto mmoja mdogo. Sisi wote tulidhani yule mtoto anachukua nafasi ya babake. Hapana. Kwa mirathi ya Kiislamu mjukuu anazuiwa na watoto wa kiume wa marehemu walio hai, hana fungu hata kidogo. Mamake alikuwa pale kwenye benchi na mtoto mapajani na hakuna aliyejua aangalie wapi. Hapo ndo wasia ungefanya kazi, ami angeweza kumuandikia mjukuu mpaka thuluthi ya mali kwa sababu si mrithi, na hakuna ambaye angelalamika. Hakuandika. Wakili (hii ndo mara ya kwanza alitoka ofisini kwake, nasisitiza) akaeleza vizuri sana bila kuhukumu dini ya mtu wala kumdanganya yule mama kwamba kuna mlango wa nyuma, akasema kilichobaki ni hiari ya warithi, mwenye fungu lake akitaka kumpa ampe, na iandikwe.

Aliyetoa ni bibi. Tulimleta kwa tuktuk, na ile ofisi iko ghorofani ngazi ni za kuparamia, bibi magoti hayataki. Wakili akashuka mwenyewe. Akaingia kwenye tuktuk akakaa na bibi, akamwambia dereva asogee kivulini, na sisi wote akatufukuza mpaka upande wa pili wa barabara, hata baba yangu. Alitaka kusikia kwa bibi peke yake kwamba hakuna aliyemsukuma. Wakakaa mule muda mzuri. Bibi alimpa kitukuu nusu ya fungu lake, laki saba, ikaandikwa kama hiba, yaani zawadi ya mtu akiwa hai, bibi akaweka dole gumba pale pale kwenye kiti cha tuktuk na mashahidi wawili ambao si warithi. Ile nusu nyengine akasema bado ana matumizi nayo. Ningekuwa nalipa kwa kazi ile peke yake ningetoa bila kuuliza.

Sasa ubaya. Benchi la kusubiri liko hatua mbili kutoka meza ya karani na hakuna hata pazia, kwa hivyo unasikia kesi za watu wote na wao wanasikia zako. Mimi nimerudi nyumbani najua mambo ya mama mmoja wa Barani, Mkristo, mumewe kafa bila wasia, kaacha wake wawili. Kwake yeye ndo Sura ya 160 inafanya kazi na hesabu ni nyengine kabisa, yeye ana watoto wanne na mke mwenza ana wawili, kila nyumba inahesabiwa watoto wake na mke anaongezwa kama kichwa kimoja, basi kwake tano, kwa mwenzake tatu, mali inakatwa nane. Watoto wa kike wanapata sawa na wa kiume, hata walioolewa. Na mjukuu aliyefiwa na babake anachukua nafasi ya babake, nikamfikiria yule mtoto wetu. Lakini njia yao ni ndefu jamani, barua ya chifu ya kutaja warithi, cheti cha kifo, fomu za kiapo, warithi wenzake waweke sahihi ya kukubali, tangazo kwenye Gazeti rasmi na siku 30 za mtu kupinga, ukishapewa usimamizi bado sio mali yako, kwa kawaida inapita miezi sita ndo korti inathibitisha ugawaji. Kama kuna watoto wadogo wasimamizi lazima wawe wawili angalau. Shemeji yake alishaanza kuuza kipande cha shamba, karani akamwambia huyo anacheza na jela, kushika mali ya marehemu bila idhini ya korti ni kosa la jinai, faini mpaka elfu 10 au kifungo mpaka mwaka mmoja au vyote viwili. Ninafurahi kujua yote haya lakini yule mama hakunialika.

Bili sasa. Hawakupi bei nzima, wanakupa vipande. Kuna ya kufungua faili, kuna ya kuchapisha, kuna ya fotokopi (na fotokopi tulileta wenyewe), na kuna moja imeandikwa "usafiri wa kortini" wakati korti ni mwendo wa mguu, ukipiga chafya pale ofisini hakimu anakwambia Allah akurehemu. Nilipouliza nikaambiwa ndo utaratibu. Risiti ya M-Pesa wanaona inatosha, ya ofisi mpaka uidai na uikalie. Mwisho wa yote nilijumlisha nikaona imezidi ile bei ya mdomo ya mwanzo kwa karibu nusu. Ukienda, siku ya kwanza kabisa mwambie karani akuandikie jumla kwenye karatasi yenye muhuri na nini kimo ndani yake, yeye hakatai ukimuomba, ni kwamba hakuna anayeomba kwa sababu mtu aliyefiwa anaona haya kubishana pesa.

Na simu hawashiki. Meseji ya WhatsApp inapata tiki mbili za buluu na inabaki hivyo. Siku Kadhi aliposogeza tarehe tulijua tukiwa tushafika na bibi kwenye tuktuk, na hilo ndo limenikera kuliko bili.

Kwa Kadhi penyewe mambo yalikwenda, karatasi zilikuwa safi, warithi na mafungu yakatajwa vile vile karani alivyochora nyuma ya kalenda. Nyumba haikuuzwa, wale wavulana wawili wanawalipa dada zao na mama yao kidogo kidogo kutoka kwenye kodi ya chumba cha mbele mpaka haki zao ziishe, na makubaliano hayo pia yaliandikwa, hawakuachiwa mdomo mtupu. Kuhamisha hati ofisi ya ardhi bado, hapo ofisi hii inataka pesa nyengine na sisi tumeamua binamu yangu apeleke mwenyewe, mafaili tunayo.

Kama familia yenu inasikilizana na mnataka mtu wa kuwauliza maswali sahihi nendeni, mwambieni mnataka kuanza na karani. Kama kuna mtu ameshabadilisha kufuli ya nyumba tafuteni ofisi inayoshika simu. Jumatatu asubuhi wamejaa mpaka kwenye ngazi, na Ijumaa karani hutoka mapema kwenda msikitini harudi tena.