Miezi minane na helmeti ya kijivu: kichwa kimepona, breki nimezirudia

Nianze na ufa, maana ndio ulionifanya nikae niandike. Uko ndani, upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio, mwembamba kama unywele. Kwa nje ganda lina mikwaruzo tu, ungedhani helmeti bado nzima. Ukilibonyeza lile povu gumu la ndani kwa kidole gumba ndipo ufa unapoachama.

Ni helmeti ya kawaida ya baiskeli ya mjini. Kwenye mzani wa jikoni ina gramu 310. Ina matundu ya hewa, kigurudumu cha kukazia kisogoni, na lebo ya EN 1078, yaani kiwango cha Ulaya. Ndani kuna ule utando wa njano wa MIPS, ubunifu wa Uswidi: kichwa kikigonga chini kwa mshazari, helmeti huteleza milimita chache juu yake, ili ubongo usizungushwe kwa nguvu ile yote.

Kuivaa ni raha. Haibani paji la uso, na kigurudumu hukaza hata ukiwa na glavu. Kasoro ni mbili: sponji zikishalowa jasho hazikauki upesi, na mikanda hulegea yenyewe, kwa hiyo kila wiki naipima upya. Vidole viwili vipite chini ya kidevu, visizidi hapo.

Sasa la maana. Kabla yake niliendesha miaka mingi kichwa wazi. Kuna mteremko ninaoushuka kila asubuhi, na siku zile nilikuwa nauteremka breki zote mbili mkononi, kipima mwendo hakivuki kilomita 28 kwa saa. Mwezi wa tatu wa helmeti kilisoma 41. Sikukaa siku moja nikaamua kukimbia. Breki niliziachia kidogo kidogo, wiki hadi wiki, na wala sikujua. Aliyeona ni binti yangu, Jumamosi moja tukiwa pamoja: "Mama, siku hizi hunisubiri." Nikamwambia yeye ndiye amekuwa mzito. Hakuwa mzito.

Mwezi wa saba, kwenye kona ya chini, tairi la mbele likakanyaga kokoto. Bega lilitangulia, kichwa kikafuata. Nakumbuka mlio wake, mkavu kama kijiti kinachovunjika. Sikuzimia. Daktari alinipima, akaniambia nipumzike, na bega likauma wiki tatu.

Katika wiki hizo nilisoma, kwa sababu swali lilinikaa: je, kitu kilichoniokoa ndicho kilichonifikisha pale? Mwaka 2016, Tim Gamble na Ian Walker wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waliwapa watu 80 mchezo wa kompyuta wa kupuliza puto: ukizidisha linapasuka, unapoteza ulichokusanya. Wengine walivishwa helmeti ya baiskeli, wengine kapelo, wakaambiwa ni ya kushikia tu kifaa cha kufuatilia macho. Waliovaa helmeti walithubutu zaidi. Baiskeli haikuwepo, wala lami, wala cha kugonga kichwa. Puto si mteremko, nalijua hilo, lakini nilijiona humo.

Msomaji, usiivue kwa sababu hiyo. Jake Olivier na Prudence Creighton wa Australia walikusanya tafiti 40 zenye waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 waliojeruhiwa, wakakuta waliovaa helmeti walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuumia vibaya kichwani, kwa karibu asilimia 69. Mimi mwenyewe nimeushika ule ufa kwa mkono. Povu lile lilipondeka badala ya fuvu langu, na ndiyo kazi yake: hupondeka mara moja tu, halirudi lilivyokuwa.

Kilichonitia baridi ni kipimo chenyewe. Chini ya EN 1078, helmeti huangushwa juu ya chuma bapa kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde, karibu kilomita 20 kwa saa, sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita moja na nusu hivi. Yaani imepimwa kwa kichwa kinachodondoka kutoka kwenye kiti cha baiskeli hadi chini. Mimi niliteleza, nikaburuzika, na kichwa kikadondoka tu. Pale kwenye kona kuna nguzo. Ningeigonga hiyo kwa 41, lebo ile haikuwa imeniahidi chochote. Natamani watengenezaji wangeliandika hilo ndani ya ganda kwa herufi kubwa, mahali ambapo sasa wameandika sifa za matundu ya hewa.

Nimenunua nyingine ya aina ileile, na nitawashauri ndugu zangu wote wainunue. Kama chombo, naipa nyota tano. Ila kila asubuhi, juu ya mteremko, nakaza mkanda kisha nashika breki kabla ya kuanza kushuka, na kipima mwendo nimekirudisha kwenye 28. Jumamosi binti yangu anatangulia, mimi nyuma. Ile yenye ufa nimeikata mikanda kwa mkasi kabla ya kuitupa, asije mtu akaiokota akaivaa.