Bima ya afya kwa mzee wa Lamu: uanze kununua ipi?

Mamangu amepita miaka 70 na hatoki mtaani kwake Langoni, Lamu, ila kwa harusi au tanzia. Mimi duka langu liko Malindi. Siku moja alinijia wakala wa bima na kitabu kizuri cha karatasi ya kung'aa, akanisomea faida moja baada ya nyingine. Nikamuuliza jambo moja tu: "Mama akianguka ngazini usiku wa manane, kadi hii itapokewa wapi?" Akafunua, akafunua tena. Hospitali ya karibu zaidi katika orodha yake ilikuwa Mombasa.

Tangu hapo sinunui bima kwa kutazama kikomo cha mamilioni kilichoandikwa juu. Natazama mgonjwa atapokewa wapi, na atafikaje. Mpangilio ulio hapa chini umefuata hilo, na anayekaa Nairobi huenda akaupindua wote.

Ya kwanza: SHA, bima ya afya ya serikali, iliyolipwa mwaka mzima

Najua watu wana manung'uniko yao, hata mimi ninayo. Lakini kwa mzee wa Lamu hii ndiyo inayopokewa pale alipo, katika Hospitali ya King Fahd na katika zahanati za serikali. SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya serikali ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, na kuna mambo mawili ambayo watoto wengi hawajayashika.

Jambo moja ni kwamba mzazi haingii katika kadi yako. Kadi yako ni ya mke au mume na watoto. Mama ajiandikishe mwenyewe, kwa kitambulisho chake, kwa *147# au kwa mhudumu wa afya. Namba ya simu itakayoandikwa iwe ya simu anayoishika yeye au anayekaa naye. Kaka yangu aliandika yake, naye yuko Doha. Siku ya haja ujumbe wa namba ya siri ya kumthibitisha mgonjwa ukaenda Doha na mama akaketi benchi la hospitali akingoja mwanawe aamke.

Jambo la pili ni malipo. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara huulizwa maswali ya nyumba na maisha yake, kisha hupangiwa kiasi, na cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, kilipwe cha mwaka: Sh3,600. Mzee anayepokea Inua Jamii, ruzuku ya serikali kwa wazee, ya Sh2,000 kwa mwezi, hiyo si hata pesa yake ya miezi miwili. Mkiwa ndugu wanne, kila mmoja ni Sh900 kwa mwaka. Kwa kweli hapo hapana udhuru.

Aliyejiandikisha tu, hata hajalipa, hutibiwa bure magonjwa ya kawaida katika vituo vya serikali vya kiwango cha 2 na cha 3, yaani zahanati na vituo vya afya. Watu wakiona hivyo hudhani yameisha. Siku ya kulazwa ndiyo hujua. Kwa aliyelipa, hospitali ya kiwango cha 4 hulipwa Sh3,360 kwa siku ya kitanda. Kwa ambaye hajalipa, deni ni la familia.

Ya pili: mkoba wa safari

Hii haiuzwi na kampuni yoyote, na mimi naiweka juu ya bima zote za kibinafsi. Mgonjwa akishindikana Lamu, atavushwa kwa boti hadi Mokowe, kisha barabara ya Garsen mpaka Malindi, na pengine kilomita 120 nyingine mpaka hospitali ya Coast General ya Mombasa, Makadara kama wazee wanavyoiita. Wa Faza na Siyu, kisiwani Pate, wana shida ya ziada: maji yakipwa, mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki kwa chombo kizito, na ugonjwa haungoji bamvua. Bima italipa kitanda. Boti ya usiku, chakula cha anayemuuguza na dawa zisizokuwepo hospitalini zitakutoka mfukoni.

Sisi tumefungua akaunti ya simu ambayo dada mkubwa ndiye mshika, na kila mwezi kila mtu hutia chake. Tena tumeshapatana na nahodha mmoja jirani bei ya usiku, tukaiandika, maana bei ya boti saa nane usiku huku mtu analia si bei ya kujadiliana.

Ya tatu: bima ya kibinafsi ya wazee

Kampuni kama Jubilee na CIC zina mipango ya wazee. Ni ghali, na bei hupanda na umri. Kama mzazi wako yuko Malindi, ambako hospitali za kibinafsi zipo kama Tawfiq na Star, basi ipandishe iwe ya pili. Kwa Lamu naiacha hapa.

Kabla ya kutia sahihi, muulize wakala haya na umwambie akuonyeshe katika karatasi, si kwa mdomo. Mwisho wa kuingia ni umri gani, na akishaingia ataendelea mpaka lini? Presha na sukari aliyonayo tayari italipiwa baada ya muda gani, na mpaka kiasi gani? Kila akimwona daktari atatoa kitu mwenyewe? Hospitali gani zinampokea, na leo, si mwaka jana? Piga simu hospitalini uulize kama kadi hiyo bado wanaichukua.

Wala usifiche ugonjwa kwenye fomu. Jamaa yangu alimwandikia babake "hana sukari". Dai la kwanza lilipokwenda, kampuni ikaitisha faili la kliniki, sukari imo tangu miaka sita nyuma. Hakulipwa hata senti, na ada alikuwa ametoa.

Wanaochelea riba waulize mpango wa takaful, yaani bima ya kufuata sheria ya Kiislamu. Maswali ni yaleyale.

Ya nne: ndege ya wagonjwa

AMREF Flying Doctors wana usajili wa mwaka uitwao Maisha, wa kumchukua mgonjwa mahututi kwa ndege. Kwa mtu wa visiwani si anasa, uwanja wa Manda uko ng'ambo tu. Lakini ndege hukufikisha hospitali, haikulipii hospitali. Ikija peke yake haifai kitu.

Ya mwisho: bima za bei ya soda

Zile za kukatwa kidogo kidogo kwa simu, zinazokupa pesa kwa kila usiku uliolazwa. Soma umri. Nyingi hazimtaki mzee.

Kitu kimoja zaidi cha kununua

Mashine ya kupima presha, ile ya kufunga mkono juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono ziache. Akae kitako dakika tano kwanza, asiwe ametoka kupanda ngazi. Ikija 140 kwa 90 au zaidi siku kadhaa, aende kliniki. Sisi hapa adui ni ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, na achari: chumvi ya siku nzima haifai kupita kijiko kimoja cha chai, na kipande kimoja cha ng'onda kina sehemu kubwa yake. Mahamri na chai ya sukari nyingi sitaji, nitagombana na watu. Kutembea Lamu hakuna visingizio vya magari. Pwani mpaka Shela ni kama kilomita 3, jua likishapoa. Na mwenye sukari amwone daktari kabla ya Ramadhani, si katikati yake.

Mashine ya mama nilimpelekea mwenyewe. Alipima majirani watano ndipo akajipima yeye, na sasa alasiri barazani kwake pana foleni.