Vipimo vya BV vya nyumbani: kipi ununue, kipi ukiache

Harufu ya shombo inayozidi baada ya tendo la ndoa, na ute mwembamba wa kijivu au mweupe unaolowesha nguo ya ndani. Ukiona hayo, mkono huenda moja kwa moja kwenye dawa ya fangasi. Nami nilimaliza dozi mbili za fangasi kabla ya mtu yeyote kunipima, na fangasi haikuwepo. Ilikuwa BV, yaani vajinosisi ya bakteria. Tangu hapo, dada yeyote anayeniuliza anunue dawa gani namwambia apime kwanza. Swali linalofuata ni apime kwa nini, maana vipimo vinavyouzwa kwa matumizi ya nyumbani havilingani hata kidogo.

Ili uvipange, jua kwanza kinachopimwa. Uke wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa kwa kawaida una laktobasili, bakteria wazuri wanaotengeneza asidi na kuiweka pH (namba inayoonyesha kiwango cha asidi) kati ya 3.8 na 4.5. Wakipungua, wengine kama Gardnerella na Prevotella huongezeka, asidi hupungua na pH hupanda. Hiyo ndiyo BV. Haitokani na uchafu, na kujiosha kwa ndani huizidisha badala ya kuiondoa. Karibu nusu ya wenye nayo hawaoni dalili yoyote.

Kliniki haitegemei alama moja kusema una BV. Kwa vigezo vya Amsel vya mwaka 1983, daktari huangalia mambo manne: ute mwembamba unaofanana kote, pH iliyozidi 4.5, harufu ya shombo inayotoka ute ukichanganywa na kemikali ya potasiamu hidroksaidi, na seli za uke zilizofunikwa na bakteria zikitazamwa kwa hadubini. Yakitimia matatu, jibu ni BV. Maabara nazo hutumia alama za Nugent za mwaka 1991, zinazohesabu aina za bakteria kwenye kioo: 0 hadi 3 ni kawaida, 7 hadi 10 ni BV, na katikati ni utata. Kila ninapoona kipimo cha kununua, najiuliza kinajibu mangapi kati ya hayo.

Cha kwanza: sampuli unayojichukulia na kuipeleka maabara

Hiki nakiweka juu bila kusita. Unaletewa kijiti cha pamba na kichupa, unajichukulia ute mwenyewe faraghani, unafunga na kutuma. Usiogope kwamba mkono wako hautaweza: sampuli anazojichukulia mwanamke mwenyewe zimeonekana kuaminika sawa na zile za mhudumu. Maabara hupima kwa PCR, yaani njia ya kutambua vijidudu kwa vinasaba vyao, au huitazama kwa hadubini na kutoa alama za Nugent.

Kabla ya kulipa, soma kwenye pakiti au ukurasa wa muuzaji wanapima nini. Nataka nione mambo matatu kwa pamoja: BV, fangasi na trikomona, ugonjwa wa kimelea. Haya ndiyo yanayofanana zaidi kwa dalili, na dawa zake hazifanani. Ikiwa kijiti hichohicho kitapima pia klamidia na kisonono, bora zaidi. Nataka pia maabara yenye kibali, na mtu mwenye leseni wa kuzungumza naye majibu yakirudi.

Hapa pana mtego ninaouona mara nyingi. Kuna vifurushi vinavyorudisha jibu la "Gardnerella imepatikana", basi. Jibu hilo halitoshi. Gardnerella hukaa kwa wanawake wengi wazima wasio na tatizo lolote; kinachotofautisha ni wingi wake ukilinganishwa na laktobasili. PCR nzuri hupima bakteria kadhaa, huwalinganisha, kisha hukuambia BV ipo au haipo. Kuotesha bakteria maabara nako hakufai kwa BV, kwa sababu hiyohiyo, hata kama muuzaji ataipa jina la kitaalamu namna gani. Ukikuta jibu la mojawapo ya aina hizi mbili ndilo wanalouza, acha.

Udhaifu wake ni kusubiri. Siku kadhaa za muwasho na harufu ni ndefu, najua.

Cha pili: kijiti cha pH kilichotengenezwa kwa ajili ya uke

Unakiingiza kidogo, unakitoa, ncha inabadilika rangi au haibadiliki. Canestest ni mfano unaojulikana. Jibu ni la dakika chache, na kama hakijabadilika rangi, uwezekano wa BV ni mdogo. Kwa kazi hiyo ya kuiondoa BV kwenye orodha, ni kizuri.

Kikibadilika rangi, usikimbilie kusema umepata jibu. pH ya juu huja na BV, huja pia na trikomona, na trikomona huambukizwa kwa ngono na inahitaji mwenzi atibiwe. Damu ya hedhi hupandisha pH. Shahawa huipandisha sana, kwa kuwa pH yake inazidi 7. Vilainishi, dawa za ukeni na maji uliyojioshea huvuruga pia. Kwa hiyo usipime ukiwa kwenye hedhi wala mara tu baada ya tendo. Fuata saa zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo ya kipimo chako. Angalia pia kijiti kisiguse mkojo.

Ncha isipobadilika, maelekezo mengine yatakuambia kwamba, kama una dalili, huenda ni fangasi. Ni kweli fangasi kwa kawaida haibadilishi pH, lakini kijiti hakijaiona fangasi. Kama una ute mweupe wa mabongemabonge na muwasho, uwezekano upo. Kama huna, usinunue dawa kwa sababu ya rangi peke yake.

Mama aliyekoma hedhi asipoteze fedha hapa. Homoni ya estrojeni ikishuka, pH hupanda yenyewe, na kijiti kitabadilika rangi hata kama hakuna BV.

Cha tatu: karatasi za pH za kukata au za vipande

Kwa anayesumbuliwa mara kwa mara, hizi ndizo nafuu kuliko zote, kwani pakiti moja hutoa vipimo vingi. Zinatoa habari ileile ya kijiti cha pH, na zina kasoro zilezile. Ununuzi wake ndio unaokosewa. Karatasi za 0 hadi 14 huruka namba nzima nzima, na huwezi kutofautisha 4 na 5 kwa uhakika, wakati mpaka wako ni 4.5. Nyingi za kupimia mkojo huanzia 4.5 au 5, kwa hiyo rangi yake ya chini kabisa tayari iko mpakani. Tafuta zinazoanzia chini ya 4 na kuishia karibu na 5.5, zenye hatua ndogo. Karatasi yenyewe usiiingize ndani: chukua ute kwa kijiti safi cha pamba, upake juu yake. Zifunge vizuri baada ya kutumia, unyevu huziharibu.

Cha nne: kipimo cha kimeng'enya

Hiki hutafuta sialidesi, kimeng'enya kinachotolewa na bakteria wa BV. Unachanganya sampuli na maji ya kipimo, baada ya kama dakika 10 rangi ya buluu au kijani husema kipo. Kwa BV peke yake kinasema zaidi ya pH. Nimekishusha kwa sababu vingi vimetengenezwa kwa ajili ya wahudumu wa afya, na hakioni fangasi wala trikomona. Ukikipata kilichoandikwa wazi kuwa ni cha kujipimia, tarehe yake haijapita, kinafaa.

Cha tano: uchunguzi wa bakteria wote wa ukeni

Maabara husoma vinasaba vya kila bakteria na kukuletea asilimia. Ni ghali, ripoti ni ndefu, na madaktari wengi hawachagui dawa kwa kuitazama. Namwelekeza huko mwanamke mmoja tu: yule ambaye BV imemrudia mara tatu au nne, vipimo vya kawaida vimeshafanyika, na ana daktari aliye tayari kuisoma naye.

Vifurushi vinavyouza kipimo pamoja na sabuni ya ukeni au "dawa ya kusafisha" mimi sivinunui. Sabuni hiyo ni sehemu ya tatizo. Kama ndani mna vidonge vya asidi ya boriki, jua kwamba ni sumu ikimezwa, na mjamzito haruhusiwi kuvitumia.

Na kuna ambao hawapaswi kununua chochote kati ya hivi. Mjamzito aende kliniki, kwa kuwa BV inahusishwa na kujifungua kabla ya wakati. Mwenye homa au maumivu chini ya tumbo aende leo. Anayeona dalili hizi kwa mara ya kwanza apimwe na mtu. BV hutibiwa kwa antibiotiki za kuandikiwa, kama metronidazoli ya vidonge miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa siku 7, au krimu ya klindamaisini, kwa hiyo kliniki utafika tu. Ukienda, beba jibu lako, tarehe ya hedhi ya mwisho na majina ya dawa zote ulizokwisha kutumia.

BV ina tabia ya kurudi. Zaidi ya nusu ya waliotibiwa huipata tena ndani ya miezi 12. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2025 uliwafuata wanawake wenye mwenzi mmoja wa kiume. Wanaume walipotibiwa pia, kwa vidonge na krimu, ilirudi kwa asilimia 35 ya wanawake ndani ya wiki 12; wasipotibiwa, kwa asilimia 63. Kama uko katika hali hiyo na unataka kuagiza kipimo cha tatu mwaka huu, weka fedha hiyo kando kwanza, mwende kliniki wawili.