Pafyumu za watunzi huru: ipi ununue, ipi uinuse tu

Sehemu kubwa ya chupa unazozikuta kwenye duka la uwanja wa ndege, hata ziwe na majina ya wanamitindo gani, zimetungwa ndani ya kampuni nne: Givaudan, Firmenich (siku hizi dsm-firmenich), IFF na Symrise. Mtunzi hupewa maelekezo, anaandika fomula, watu wa masoko wanaijaribisha kwa wateja, kisha kila kona inayoweza kumkera mtu inakwanguliwa. Kinachotoka hakimchukizi yeyote, na wala hakimkai mtu moyoni.

Mtunzi huru hana mlolongo huo. Anaandika fomula mwenyewe, anapima kwa mizani mezani kwake, anatia chupani, na mara nyingi ndiye anayejibu barua pepe yako. Akitaka kutunga harufu ya pango la popo hakuna bosi wa kumkatalia. Raha iko hapo, na hasara iko hapo hapo, maana chupa za daraja hili huanzia dola mia na ushei, na nyingine ni za mililita 30 tu.

Orodha yangu ina kigezo kimoja: unaweza kuivaa ukakaa na watu? Pafyumu ya kuwashangaza wageni mara moja kisha ikalala kabatini hujainunua, umelipa kiingilio.

Jambo jingine, pua iliyolelewa na chetezo haishtuki pale wanaposhtuka wakosoaji wa Ulaya. Moshi, utomvu, udi wenye harufu ya zizi kwa mbali, viungo kwenye ngozi: wanavyoviita vya kijasiri kule, kwa mtu wa Lamu au Unguja ni usiku wa kuamkia Ijumaa tu. Kinachotutatiza sisi ni upande wa pili, yaani harufu za chuma, plastiki na maabara. Ndiyo maana mpangilio huu haufanani na ule utakaoukuta kwa Waingereza na Wamarekani.

1. Tauer, L'Air du Désert Marocain

Andy Tauer ni mkemia wa Zürich, Uswisi, aliyejifundisha kutunga. Hii ameitoa 2005 na mpaka leo ndiyo ninayompa mtu anayeniuliza aanzie wapi. Inafunguka na giligilani na bizari nyembamba (wengine mnaiita uzile), kavu, bila sukari. Dakika kumi za mwanzo utadhani umepita karibu na jiko la pilau. Usiioshe. Nyuma yake unakuja utomvu wa labdanamu, kisha mwerezi na vetiva (mizizi ya nyasi yenye harufu), halafu ambari yenye chumvi kwa mbali, na hapo inatulia. Kesho yake utaisikia bado kwenye kola ya shati.

Mashabiki wa vituko watasema hii si ya majaribio. Waache. Iliposhika umaarufu hapakuwa na timu ya masoko nyuma yake, alikuwa mtu mmoja na chupa zake. Ukitaka Tauer wa kukukwaruza, mwombe sampuli ya Lonestar Memories ya 2006: lami ya mti wa birchi, ngozi, moshi, na kitu cha petroli. Ni gereji. Fundi magari atakuuliza kwa nini ulipie harufu anayoisugua kwa sabuni kila jioni, na hatakosea, ila saa tatu baadaye inageuka ngozi laini yenye manemane, na hapo ndipo pesa yako ilipo.

Kwa joto la pwani, pulizo moja la L'Air du Désert linatosha, chini ya nguo, si shingoni. Ukiongeza la pili, daladala nzima itajua.

2. Zoologist: Bat, Hyrax, na jirani yake Salome

Zoologist ni ya Victor Wong wa Toronto, Kanada, aliyeianzisha 2013. Hatungi mwenyewe, huchagua mnyama, kisha humtafuta mtunzi huru amwandikie harufu yake. Bat ya 2015 aliiandika Ellen Covey, mwanasayansi wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Washington ambaye aliwatafiti popo wenyewe kazini kwake. Ndani kuna ndizi iliyoiva kupita kiasi, udongo wenye unyevu, mawe ya pango, na manyoya. Ule udongo ni kazi ya jiosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa ardhini. Ndiyo unayoisikia mvua ya kwanza inapopiga vumbi. Pua ya binadamu huinasa hata zikiwa chembe chache katika trilioni, kwa hiyo mtunzi akizidisha kidogo tu pafyumu nzima inageuka shimo. Covey hakuzidisha. Mwaka 2016 Bat ilichukua moja ya tuzo za Art and Olfaction, zinazotolewa na taasisi ya Los Angeles inayowaangalia watunzi wa aina hii.

Sasa fungua macho. Bat inayouzwa tangu 2020 ni fomula nyingine, ya mtunzi wa Thailand, Prin Lomros. Jina moja, mnyama mmoja, harufu mbili. Ya mwanzo Covey aliitoa tena chini ya chapa yake, Olympic Orchids, ikiitwa Night Flyer. Ukinunua chupa iliyotumika kwa mtu, muulize ni ya mwaka gani kabla ya kutuma hela, maana sifa nyingi unazozisoma zimeandikwa juu ya ile ya kwanza.

Hyrax, ya 2018, imetungwa na Sven Pritzkoleit, na mnyama wake tunamfahamu: ni pimbi, yule yule wa majabali ya Serengeti. Pimbi wana desturi ya kukojoa na kunya mahali pamoja, vizazi na vizazi. Uchafu ule hukauka, hugandamana, mwisho unakuwa kama jiwe jeusi. Jiwe hilo, linalokusanywa sana Afrika Kusini, likilowekwa kwenye alkoholi hutoa harufu iliyochanganya miski, ngozi, ubuyu uliochacha na zizi. Hakuna mnyama anayeguswa. Linganisha na zabadi ya zamani: fungo hufungiwa kizimbani, hukwanguliwa mafuta ya tezi zake. Si ajabu watunzi wengi wadogo wamehamia kwa pimbi.

Lakini Hyrax yenyewe ni ya kuinusa. Sikushauri kuinunua. Inaanza na kelele nyingi na ukienda nayo kazini utaulizwa kama uko salama. Ukipenda ile harufu ya jiwe la pimbi ndani ya pafyumu inayovalika, nenda kwa Liz Moores wa Papillon, anayefanya kazi zake New Forest, kusini mwa Uingereza. Salome yake ya 2015 imelifunika jiwe hilo kwa asumini, waridi na tumbaku. Ni ya usiku, na ni ya watu wazima. Bibi harusi mwenye msimamo anaweza kuivaa. Mama mkwe atanusa mara mbili kabla ya kusema lolote.

3. Hiram Green, Hyde

Huyu ni Mkanada aliyewahi kuwa na duka la manukato London, sasa yuko Uholanzi, na hutumia malighafi za asili tu. Hyde ya 2018 ni lami ya birchi kwa wingi, chini yake labdanamu na vanila. Aliyekunywa maziwa ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa ataitambua mara moja: moshi uliolala juu ya utamu.

Jambo la kujua kuhusu pafyumu za asili ni kwamba hazifanani toleo kwa toleo. Chukua mlangilangi wa Nzwani, Komoro, ambao uko katika pafyumu nyingi duniani: mafuta yake hukusanywa kwa mafungu kadiri unavyokenekwa, la kwanza kabisa likiitwa ekstra, na kila fungu lina harufu yake na bei yake. Juu ya hapo kuna mvua, ukame na mikono ya mchumaji. Kampuni kubwa huchanganya mizigo mingi ili harufu isibadilike, mtu mmoja mwenye mizani yake hawezi. Kwa hiyo chupa yako ya pili ikitofautiana kidogo na ya kwanza, hujaibiwa. Vile vile za asili hukaa karibu na ngozi na huondoka mapema, ingawa Hyde, kwa sababu ya lami, inavumilia. Green huuza pia chupa za mililita 10, na kwangu hilo pekee lingetosha kumpandisha ngazi.

4. Slumberhouse, Norne

Josh Lobb wa Portland, Marekani, naye hakusomea shule yoyote ya manukato. Norne ni msitu wa misonobari usiku: utomvu, kuvu, gome, ubani. Kimiminika chenyewe ni kijani kilichoiva mno na kinatia doa, kwa hiyo usikisogeze karibu na kanzu. Ni nzito sana kwa Dar ya Februari. Kwa Nairobi ya Julai, au kwa ndugu aliyeko Minnesota, inafaa. Chupa ni mililita 30. Nzuri, ila bei yake inakutaka uwe umeshaipenda.

5. Escentric Molecules, Molecule 01

Hii ndiyo maarufu kuliko zote hapa na wengi wataniuliza kwa nini nimeishusha. Geza Schoen wa Berlin aliitoa 2006 ikiwa na kitu kimoja tu ndani ya alkoholi: Iso E Super, kemikali iliyotengenezwa IFF mwaka 1973 na ambayo imo katika pafyumu chungu nzima za kawaida. Inanukia mwerezi laini, karibu na hakuna. Wapo ambao hawaisikii kabisa. Wengine huisikia, inapotea, nusu saa baadaye inarudi, na wanaokaa nao ndio wanaoisikia zaidi.

Wazo lilikuwa la kijasiri mwaka ule, na chapa ya Juliette Has a Gun waliliiga 2010 kwa Not a Perfume, yenye kemikali nyingine, Cetalox, peke yake. Shida yangu ni hesabu. Iso E Super hiyo hiyo huuzwa na wauzaji wa malighafi kwa wanaojifunza kutunga, kwa bei isiyokaribiana na ya chupa hii. Unalipia wazo. Kama ofisini kwenu harufu kali ni ugomvi, inunue, lakini anza na ya mililita 30.

Usinunue chupa: Sécrétions Magnifiques

Ni ya État Libre d'Orange ya Paris, 2006, na mtunzi wake, Antoine Lie, hakuwa huru kwa maana tuliyoizungumza. Naitaja kwa sababu kila orodha ya pafyumu za ajabu inaitaja. Damu, jasho, maziwa, shahawa: hayo ndiyo waliyoyakusudia, na wamefaulu. Ubaridi wake wa chuma hauondoki kwa maji wala sabuni. Omba tone, nusa kwenye karatasi, rudisha.

Kabla hujalipa

Anza na sampuli, nyingi kati ya hizi huuzwa pia kwa vichupa vidogo. Karatasi inakudanganya kwa pafyumu za namna hii, kwa sababu uzuri wake uko saa ya tatu baada ya kujipulizia, na saa hiyo iko kwenye ngozi yenye jasho. Jaribu siku ya kazi ya kawaida, si ukiwa umelala sebuleni na feni inazunguka.

Nilizozitaja zote zimeyeyushwa kwenye alkoholi. Asiyetaka spiriti amtafute Sultan Pasha wa London, anayetunga kwa mafuta, na pua ya pwani haitahitaji kufundishwa chochote hapo.

Kuhusu kuagiza: pafyumu yenye alkoholi huhesabiwa mzigo unaowaka, kwa hiyo wauzaji wadogo wengi hawaitumi nje kwa ndege, na wanaotuma hulipisha. Uliza kwanza, kisha ongeza ushuru wa forodha kwenye hesabu yako. Njia ya watu wengi ni kumwagiza anayerudi. Katika viwanja vingi, kwenye begi la mkononi kila chupa isizidi mililita 100. Kwenye sanduku linalopakiwa chini ya ndege anaruhusiwa hadi lita 2 kwa jumla, kila chupa isizidi nusu lita. Mwambie aikaze kifuniko kwa utepe na aifungie peke yake kwenye mfuko wa plastiki, hasa ikiwa ni Norne.