Premio yangu ilitetemeka nikikanyaga mafuta: uzoefu wangu na fundi anayepima kabla ya kufungua

Naandika kwa ajili ya mwenye Toyota Premio, Allion au gari lolote la injini ya 1NZ linalotetemeka ukiongeza mwendo, hasa kama umeshaambiwa kwamba giaboksi imekufa.

Langu ni Premio ya umbo la pili, cc 1500, giaboksi ya CVT (otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua). Likiwa limesimama, halina shida kubwa. Barabara tambarare kwa mwendo wa pole, hakuna neno. Lakini hapa Dar, nikitoka Ubungo kupanda Kimara, nikakanyaga mafuta ili nipite daladala, gari linaanza kutetemeka, nguvu zinakata na kurudi, unaisikia mpaka kwenye mgongo wa kiti. Nikiachia mguu, linatulia. Na kila linapotetemeka sana, taa ya injini kwenye dashibodi inapepesa.

Gereji ya kwanza hawakufungua hata boneti. Walizunguka nalo mtaa mmoja, wakarudi na jibu: CVT imekwisha, tafuta milioni moja na nusu. Inaniuma kwa sababu jibu lenyewe linaaminika. Ni kweli CVT ikichoka hutetemesha gari, hasa linapoanza kuondoka. Lakini ile taa inayopepesa ilikuwa inasema jambo jingine kabisa: kuna silinda haichomi mafuta yake, yaani gari linamisi. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega (kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la eksozi), na masega yakipata moto huo kwa muda yanayeyuka. Ndiyo maana taa ikipepesa hutakiwi kuendelea kukanyaga. Punguza mwendo, peleka gari likapimwe.

Mfanyakazi mwenzangu akanielekeza kwa fundi umeme mmoja upande wa Mabibo. Eneo lenyewe dogo, magari matatu yakiingia limejaa. Kabla hajachomeka mashine ya kusoma makosa ya injini aliniuliza maswali. "Dada, inatikisika ukikanyaga tu, au hata ukiachia? Unaisikia kwenye usukani au kwenye kiti? Ukiweka D au R inagonga?" Baadaye ndiyo nikaelewa alikuwa anachuja. Jointi ya ndani ya ekseli ikilika nayo hutikisa gari unapovuta nguvu, ila haiwashi taa yoyote, na gari huyumba ubavu kwa ubavu. Maunting (mpira unaoshikilia injini) ikikatika hugonga unapoingiza gia. Maswali hayo hayakunigharimu hata senti, na yalishaondoa nusu ya mambo ambayo gereji nyingine ingeyafungua.

Mashine ikatoa P0303, maana yake silinda ya tatu inamisi. Mafundi wengi wangeishia hapo na kuniambia nikanunue koili, kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche. Yeye akasema, "Namba inakuonyesha silinda, haikuambii kifaa." Na ni kweli, maana silinda moja ikimisi inaweza kuwa plagi, koili, nozeli inayopuliza mafuta, au hata kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) imeshuka.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya niandike. Injini hii ina koili nne zinazofanana, kila silinda na yake. Akachomoa koili ya silinda ya tatu akaiweka ya kwanza, ya kwanza akaihamishia ya tatu, akafuta kumbukumbu ya kompyuta, tukaenda kupanda mlima mashine ikiwa imechomekwa. Gari likatetemeka kama kawaida yake. Safari hii ikasoma P0301. Kosa limehama pamoja na koili. Hapo hakuna kubishana, na hakuna kifaa kilichokuwa kimenunuliwa bado.

Injini ilipopoa akatoa plagi, akaniita nione. Kwenye kauri nyeupe ya plagi ya tatu kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama uliochorwa kwa penseli, umeshuka kutoka juu hadi kwenye chuma. Mpira wa koili ulikuwa umelainika na unateleza kwa oili. Oili ilikuwa imeingia kwenye shimo la plagi kwa sababu gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) inavuja. Kwa hiyo umeme, badala ya kushuka hadi kwenye ncha, ulikuwa unapita pembeni mwa kauri. Hii pia ndiyo sababu gari lilikuwa tulivu nisipokanyaga. Ukikanyaga, hewa nyingi inaingia na kubanwa zaidi ndani ya silinda, cheche inahitaji volti kubwa zaidi kuruka pengo la plagi, na umeme unatafuta njia rahisi.

Tulibadilisha koili ile moja, plagi zote nne na gasketi. Plagi alizipima pengo kabla ya kufunga, 1.1 mm, akazianza kwa mkono kwanza kwa sababu kichwa cha injini ni alumini na uzi wake ukiharibika ni kilio. Kuhusu koili, ushauri wake nauunga mkono: bora ya mtumba halisi iliyotoka Japani kuliko mpya ya bei chee yenye nembo ya kubandika. Nilikwenda Gerezani na ile mbovu mkononi ili nilinganishe soketi na namba.

Kupima alinitoza 30,000. Vifaa na ufundi ni gharama nyingine, lakini jumla yake haikukaribia hata robo ya ile milioni na nusu. Mlima wa Kimara sasa napanda bila mtikisiko, na taa haijarudi.

Kasoro zipo. Unasubiri sana, hakuna pa kukaa, na risiti lazima uidai. Pia nikiwa kwenye foleni na D imeingia, bado nasikia mtetemo mdogo. Aliniambia mapema, kabla sijalipa, kwamba huo ni wa maunting na hauhusiani na kazi aliyofanya. Oili ya giaboksi alishauri nibadilishe kwa kuwa sijui historia yake, iwe ya CVT na si ATF, ile ya giaboksi za otomatiki za kawaida.

Ukienda, wahi asubuhi, na usikubali mtu akufutie taa ya injini kabla hujafika. Akiifuta, ile namba ya kosa inapotea na fundi anaanza bila kitu.