Ukikarabati nyumba ya familia, pesa ianze wapi? Mpangilio wangu, kuanzia tanki hadi dari

Nyumba ya wazazi wetu ipo Tabata. Ilijengwa kidogo kidogo, kama nyumba nyingi za Dar es Salaam: vyumba viwili kwanza, sebule ikafuata, baadaye masta, na jiko likabaki uani. Tulipochangishana ndugu watano tukapata milioni 18 za ukarabati, kila mmoja alikuja na picha zake kwenye simu. Kaka aliye Muscat alitaka dari ya jipsam yenye ngazi tatu na taa za bluu. Shemeji alitaka ukuta wa TV. Mama, ambaye ndiye anayeishi humo, hakuwa na picha. Alisema tu, "Wanangu, mimi nataka nikifungua bomba maji yatoke."

Mpangilio huu umetokana na sentensi hiyo, na makosa kadhaa tuliyofanya baada ya kuisikia. Kipimo changu ni kimoja: kinachokaa ndani ya ukuta, chini ya sakafu au juu ya dari kitangulie, kwa sababu ukikikosea utavunja ulichokwisha kupaka rangi. Kinachoning'inizwa au kubandikwa kinaweza kungoja hata miaka mitatu.

1. Maji

Aliyekuwa Dar Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgao wa maji ukaanza, hahitaji kuhubiriwa. Hata pasipo mgao, mitaa mingi hupata maji kwa zamu, na mara nyingi usiku wa manane. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya tanki, amka saa nane usiku siku ya zamu yenu, funga mpira kwenye bomba la mita, uunyanyue. Maji yakipanda hadi kimo cha mnara unaoufikiria, tanki moja la juu linakutosha. Yakiishia kiunoni, unahitaji tanki la chini la kuyapokea na pampu ya kuyapandisha. Sisi hatukupima. Tulijenga mnara wa mita nne, tukaweka tanki, likakaa tupu wiki mbili huku jirani akituchoma kwa maneno.

Ukubwa: familia ya watu sita wanaotumia lita 40 kila mmoja hutumia lita 240 kwa siku. Tanki la lita 3,000 litawafikisha siku kumi na mbili, la lita 1,000 siku nne. Mpangilio ninaoupendekeza ni la 3,000 chini na la 1,000 juu. Kila lita ni kilo moja, kwa hiyo hata hilo dogo la juu ni tani nzima likijaa. Fundi akikwambia lipande juu ya ukuta wa zamani wa bafu "halina shida", mwambie ana shida yeye. Mnara uwe na msingi wake na nguzo za nondo. Chagua tanki jeusi au lenye tabaka jeusi ndani, maana mwanga ukipenya maji yanaota ukijani.

Kisha gata. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu rahisi kuliko zote kwenye ujenzi. Paa la mita za mraba 120 likinyeshewa milimita 20, hali ya kawaida kabisa mwezi wa Aprili, linamwaga kama lita 2,400 kwa siku moja. Maji hayo yasipovunwa yanachimba msingi wako. Weka gata, bomba la kuteremshia, na koki ya kumwaga maji ya mwanzo yenye vumbi na mavi ya ndege. Ya kunywa chemsheni kama kawaida. Kufulia, kuoshea vyombo vya nje na kuvutia choo, hayana mpinzani.

Mabomba ya chuma ya zamani yang'oeni yote. Yameshika kutu kwa ndani, tundu limebaki la kupitisha penseli, na ndiyo sababu bafu linatiririka badala ya kumwaga. PPR, mabomba ya plastiki yanayochomelewa kwa joto, yanafaa. Dai koki ya kufungia kwa kila bafu na kwa jiko, ili siku bomba la choo likipasuka nyumba nzima isikose maji. Na kabla ya plasta, piga picha kila ukuta ukiwa umechimbwa, utepe wa kupimia ukionekana kwenye picha. Picha hizo zimetuokoa mara mbili: siku ya kutoboa ukuta kwa ajili ya pazia, na siku ya kiyoyozi.

2. Paa

Bati linalovuja halina rafiki, litaharibu dari, waya na godoro kwa pamoja. Panda juu na fundi mwenyewe, au mtume kijana mwenye simu. Tazama misumari iliyolegea, mahali bati linapokutana na ukuta, na kenchi, yaani mbao zinazobeba bati. Mchwa hula mbao kwa ndani, juu zikabaki nzuri. Gonga kwa nyundo usikilize kama zinalia tupu. Tulibadilisha kenchi nne, kazi ambayo hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuisifia.

Ukinunua bati jipya, kumbuka geji inahesabiwa kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30. Wauzaji wengine wataongea rangi na mgongo kwa nusu saa bila kutaja geji, kwa hiyo iulize wewe, na uione imeandikwa kwenye risiti. Rangi ya mwanga hurudisha jua, ya giza hulimeza. Kwa joto la Dar, nyeusi ni ya kupiga picha tu.

Paa la kuficha, lile linalozungushiwa ukuta juu ili nyumba ionekane ya kisasa, ninaliweka mwisho kabisa kwa nyumba ya kukarabati. Maji yote yanakusanyika kwenye mfereji uliofichwa, majani ya mwembe yanaziba, na masika ya Machi hadi Mei yanaingia sebuleni. Paa la kawaida lenye ukingo uliotoka vizuri nje ya ukuta linakinga mvua ya upepo na kutia kivuli madirishani. Acheni pia matundu ya hewa kwenye pembetatu za paa, yenye wavu wa kuzuia popo, ili joto lililonaswa juu ya dari litoke.

Onyo moja la haraka. Nyumba nyingine za zamani zimeezekwa vigae vya simenti vyenye asbestosi. Usiruhusu vikatwe kwa msumeno wala kuvunjwavunjwa. Vumbi lake linadhuru mapafu. Uliza halmashauri namna ya kuvitoa.

3. Umeme

Nyumba ilipojengwa ilikuwa na taa sita, redio na pasi. Leo ina friji, pampu, hita ya bafuni, kiyoyozi kimoja na chaja zisizohesabika, juu ya waya uleule. Waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa, wa 2.5 ni wa soketi. Hita na jiko la umeme kila kimoja kipewe laini yake nene na breka yake. Muhimu kuliko vyote ni ethi, waya unaoupeleka ardhini umeme uliovuja. Mwulize fundi akuonyeshe nondo ya ethi imechimbiwa wapi. Akikuonyesha waya wa kijani na njano unaoishia hewani nyuma ya meinswichi, kama tulioukuta kwetu, umeokoa mtu. Ongeza breka inayojikata umeme unapovuja, hasa kama hita ya maji ipo bafuni. Mafundi umeme hupewa leseni na EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji. Kuomba kuiona si kumdharau mtu.

Soketi ziwe nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu kila soketi uliyoikosa itageuka kuwa ekstensheni sakafuni, na mjukuu ataikanyaga. Pitisha pia bomba tupu la waya kutoka darini hadi kwenye meinswichi. Ukija kununua sola au betri, hutavunja ukuta. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulipotufika hatukuwa na bomba hilo, na betri tuliyoazima ilikaa katikati ya sebule kama mgeni asiyeondoka.

4. Bafu la chumba cha mzee

Hapa ndipo tulipogombana. Ndugu wawili waliona bafu la masta linatosha. Lakini magoti ya Mama hayangoji kikao, na choo cha pamoja kilikuwa mwisho wa korido, ngazi moja juu. Tukakata kipande cha stoo, tukampatia choo chake kando ya kitanda.

Vitu vilivyofanya kazi: sakafu isiyo na kizingiti, mlango wa sentimita 90, kiti cha magurudumu kikihitajika kitapita, mlango unaofungukia nje, kwa sababu mtu akianguka nyuma ya mlango wa kufungukia ndani hutaweza kuusukuma, vishikio viwili vya chuma vilivyofungwa kwenye tofali, si kwenye marumaru tupu. Marumaru zenye uso wa kukwaruza. Dukani zimwagie maji uzikanyage na kandambili. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Mteremko uelekee kwenye tundu la maji, na uujaribu kwa ndoo kabla hujamlipa fundi. Letu lilikuwa linakusanya bwawa pembeni, likavunjwa likarudiwa.

Choo cha kuchuchumaa msikivunje chote. Kwenye shughuli, wageni thelathini, kinaosheka upesi kuliko cha kukaa. Kibaki uani.

5. Jiko

Msidanganyane kwamba jiko la ndani litaua la nje. Ubwabwa wa arusi na maharage ya saa tatu vitarudi uani tu, hivyo lipatieni jiko la uani paa na karo la kuoshea vyombo. Kwa ndani wekeni gesi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na kusema kweli macho ya Mama yasiyotoka machozi yalinishawishi zaidi ya mkakati. Mtungi ukae nje, kwenye kibanda chenye hewa, bomba lipite ukutani. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini, kwa hiyo tundu la hewa liwe karibu na sakafu, si juu peke yake.

Kimo cha meza kipimwe kwa mpishi. Msimamishe, akunje mkono, teremka kama sentimita kumi chini ya kiwiko. Makabati ya MDF, mbao za unga uliogandishwa, huvimba yakilowa karibu na sinki. Rafu za zege zenye marumaru na milango ya aluminiamu si za kupendeza sana, lakini zitazeeka na nyumba.

6. Madirisha

Dirisha la kuteleza la aluminiamu hufunguka nusu tu. Umelipia mita moja na nusu, hewa inapita kwenye sentimita 75. La bawaba hufunguka lote. Panga madirisha yakabiliane ili kusi na kaskazi zipite chumba mpaka chumba, weka wavu wa mbu unaotoka kwa kufuliwa, na grili moja katika kila chumba cha kulala iwe ya kufunguka kwa ufunguo unaoning'inia ndani. Moto haubishi hodi.

7. Baraza

Ningeipandisha juu zaidi kama milioni zingeongezeka. Watu wa Lamu na Unguja walilijua hili zamani: benchi la mawe nje ya mlango, mgeni anakaribishwa, anapewa kahawa, na faragha ya ndani haiguswi. Kwetu ni benchi la simenti na paa la mita mbili. Asubuhi Mama anachagulia mchele hapo, jioni watoto wanaandika kazi za shule, na mtu wa bili anamalizia hapohapo. Kwa gharama yake, hakuna kitu kinachotumika saa nyingi hivyo kwa siku.

Vinavyoweza kungoja

Pevingi ua mzima: inapasha joto, inafukuza maji ya mvua kwa jirani, na kukiwa na msiba hamtapata pa kusimika nguzo za turubai. Wekeni njia ya gari tu. Marumaru zinazong'aa kama kioo barazani, hapana kabisa. Ukuta wa TV ungoje TV. Rangi nayo ije mwisho, na kama plasta inamomonyoka kuanzia chini, huo ni unyevu na chumvi vinavyopanda kutoka ardhini. Ukipaka juu yake umepaka pesa. Bandueni plasta, rekebisheni maji yanakotoka, acheni ukuta ukauke ndipo mrudishe.

Kabla ya kubomoa ukuta wowote au kuongeza chumba, ulizeni kibali cha ujenzi halmashauri. Na katika bajeti tengeni kama sehemu moja ya sita msiiguse, kwa ajili ya kitakachokutwa ndani ya kuta. Sisi tulitenga milioni tatu. Kenchi na ethi vilizila karibu zote.

Jipsam ya kaka tuliiweka sebuleni peke yake, ngazi moja, taa nyeupe. Zile za bluu alizotuma kutoka Muscat zipo stoo, kwenye boksi lake, na kila akipiga simu anaziulizia.