Rocket 88 ya mwaka 1951, lisikilizeni lile gita

Wadau wa zilipendwa, hii ngoma naipiga wiki nzima sasa hapa Dodoma na nawaambia kabisa itafuteni. Inaitwa Rocket 88, singo ya Jackie Brenston, ilirekodiwa Machi 1951 kule Memphis Marekani kwenye studio ya Sam Phillips, lebo ya Chess ya Chicago ndo ikaitoa na ikapanda mpaka namba moja kwenye chati ya R&B ya Billboard. Maneno yake ni kusifia gari tu, Oldsmobile 88, hapo hamna cha ajabu.

Utamu uko kwenye gita. Ile bendi kiukweli ilikuwa ya Ike Turner, kijana wa miaka 19 tu, yeye ndo yuko kwenye piano ingawa santuri iliandikwa Jackie Brenston and his Delta Cats, sasa wakiwa njiani kwenda kurekodi amplifaya ya mpiga gita wao Willie Kizart ikaharibika, wanafika studio inakoroma. Phillips hakuwarudisha, ikashindiliwa karatasi kwenye spika wakapiga hivyohivyo. Yaani lile gita linakwaruza na kuvuma chini ya saksofoni mwanzo mwisho, nilivyolisikia tu nikakumbuka ilimba, ile ala yetu Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Sisi tuliokulia huku Ugogoni mlio mkavu haututoshi, ilimba inatengenezwa makusudi ivume vile, msikilize marehemu Hukwe Zawose utanielewa. Kwa hiyo anayesema rekodi hii ni chafu mi nakataa, huo mkwaruzo ndo ngoma yenyewe, na wapiga gita wa roki waliokuja baadae walinunua mpaka vifaa ili waupate.

Halafu piano ya mwanzo jamani! Kama unaijua Good Golly, Miss Molly ya Little Richard ya 1958 utashtuka, mwanzo wake ni huu huu, na mwenyewe wala hakuficha, alisema kaitoa kwa Ike.

Angalizo moja kwa mnaojaziwa nyimbo kwenye flashi. Mi kibanda kimoja pale Majengo walinijazia, nafika nyumbani nawasha nakuta ya Bill Haley, naye aliirudia mwaka huohuo wa 1951 ila ile ina ladha ya kantri na gita halikwaruzi, iliniuma maana nilikuwa nimemwita na baba aje asikilize. Nilirudi kesho yake wakanibadilishia bila maneno. Nyie kabla hamjaondoka ombeni wawapigie kidogo, msikie saksofoni ya Raymond Hill inalia pale katikati, ndo mlipe.

Kwenye sabufa shusheni besi, ikizidi inalimeza gita lote. Baba alisikiliza mara tatu mfululizo, ya nne akaniambia ongeza sauti.